Kusimama

Chengo alinijia Maweni na pikapu yake,
ubavuni bado ina chumvi ya Gongoni,
akasema: Fundi Shee, nataka isimame.
Nikamwelewa. Malindi nzima ingemwelewa:
isimame kama ile ya mkandarasi,
kifua juu, ipite madimbwi ya Marereni
bila kulowa tumbo.

Nilikuwa na matairi manne ya mtumba kutoka Mombasa,
inchi thelathini na tatu. Yake yalikuwa ishirini na tisa.
Inchi nne.
Upana wa kiganja changu, nisipohesabu gumba.
Nikakata bampa kidogo, nikainua springi,
nikakaza nati sita sita
na mwili wangu wote juu ya spana.
Breki sikuzigusa.
Hakuniuliza habari za breki,
nami nilikuwa na kodi ya tarehe tano.

Ilipotoka gereji watoto walishangilia,
Imesimama! Imesimama!
Chengo akashuka kwa kuruka,
kama mtu juu ya punda asiyemzoea.

Siku tisa.

Ya kumi, saa tano mchana,
magunia ishirini na mawili ya chumvi mgongoni,
anateremka kuelekea daraja la Sabaki.
Mshale ulisema sabini.
Mshale hakuna aliyeuambia habari za inchi nne:
kazi yake kuhesabu mizunguko,
na kila mzunguko sasa unameza lami zaidi.
Sabini yake ilikuwa themanini ya barabara.

Toya, wa darasa la saba, alikuwa anavuka na baiskeli,
madumu mawili ya maji nyuma.
Chengo akakanyaga pale alipozoea kukanyaga,
kwenye kibao cha njano kilichopinda pembe.
Miaka sita mguu wake unapajua pale.
Mguu haukukosea.
Pikapu ilisikia, ikainamisha pua,
ikaanza kusimama,
ikaendelea kuanza.

Toya aliruka.
Baiskeli haikuruka.

Nilipofika, padi zilinuka kama kwato inayoungua,
maji ya madumu yalishakauka kwenye lami,
na askari wa trafiki alikaa kivulini
akisubiri mtu wa kusema naye vizuri.
Nikapima alama za matairi kwa hatua.
Nikapima tena,
kama mtu anayetafuta hesabu ya kumfaa.
Inchi nne nilizouza Maweni,
huku Sabaki zilikuwa hatua kumi na moja.

Breki zako mbovu, akasema Chengo.
Nikasema, breki ni zilezile.
Sikujua kama najitetea au nakiri.

Toya hakuwa akitusikiliza.
Aliipindua baiskeli miguu juu,
akazungusha gurudumu lililosalia zima,
akalikamata ukingoni kwa vidole viwili. Likatulia.
Akalizungusha tena, akaingiza mkono
kwenye spoki, karibu na kitovu,
likamburura, likamchuna ngozi,
akacheka, akanyonya kidole.
Nikakaa chini palepale kwenye changarawe.
Diski ya Chengo ni ileile, ndogo, jirani ya kitovu.
Ukingo ndio niliousogeza mbali,
nikaupa na uzito,
nikamwachia mkono uleule mdogo kuukamata.

Baiskeli nimeilipa, kwa awamu tatu.
Chengo nilimwambia turudishe matairi ya zamani.
Akasema watu watadhani amefilisika.
Basi tukafunga diski kubwa za mbele na kalipa zake,
nusu yake, nusu yangu,
na mshale nikaubandikia karatasi kwenye kioo:
ONGEZA KUMI. Ameshaibandua.

Siku hizi mteja akiniambia anataka gari isimame
nauliza, isimame vipi?
Wanacheka. Wananiona fundi wa maneno.
Mmoja tu, mama wa Mambrui anayesambaza maziwa,
hakucheka.
Alitazama tairi. Kisha akatazama mguu wake wa kulia,
ndani ya ndala,
muda mrefu.